Jina la Jaribu kwenye Kikao cha Manokoa

Pandu Ngwali nilimpikia kahawa miaka minne, kila Ijumaa, na kila nikimkumbuka nashikwa na hasira. Wapo wanaoniambia, "Kazija, hayo yameshapita." Hayakupita. Yamekaa, na mimi nimekaa nayo, na leo nimeamua kuyaandika kabla hawajatokea watu wa kuyaandika mazuri kuliko yalivyokuwa.

Nianze na haki yake, maana haki yake anayo. Pandu alizaliwa Shumba Viamboni kwa baba mvuvi, na bahari ilimtapisha tangu utotoni mpaka wenzake wakachoka kumcheka. Akaiacha, akaja zake huku Kinyasini kwenye mashamba ya karafuu. Juu ya mkarafuu alikuwa mtu mwingine kabisa. Alichuma mpaka tajiri mwenye shamba akamwona, na siku moja asubuhi akamwambia, "Kuanzia leo weye ndiye nokoa." Basi, imekwisha. Nokoa ndiye msimamizi wa shamba zima: yeye huajiri wachumaji, huwagawia miti, huamua ugomvi wao, na yeye ndiye anayemwambia mtu kesho usirudi. Mzigo wote huo Pandu alitwishwa kwa maneno machache, na hakuna aliyemfundisha chochote. Aliijua miti. Watu hakuwajua.

Wiki yake ya kwanza alimpandisha mtu wa Makunduchi, aliyefika juzi yake tu kwa ajili ya msimu, kwenye mti mrefu kuliko yote, asubuhi baada ya mvua. Mtu yule akateleza, akavunjika nyonga, akachukuliwa Wete juu ya kitanda cha kamba. Pandu alikwenda kumtazama kila siku ya pili kwa mwezi mzima. Kisha akawaendea manokoa wa mashamba ya jirani, mmoja mmoja, akawauliza: "Ungekuwa weye ungefanyaje?" Wakamcheka. Nokoa anaamrisha, haulizi. Nani kamwona nokoa akiuliza? Lakini aliendelea kuuliza bila kuona haya, na katika hilo namvulia kofia mpaka leo. Mwaka wa pili walikuwa wawili wanaokuja kwake Ijumaa baada ya sala. Mwaka wa tatu walikuwa sita pamoja naye, kutoka Piki, Chwale na mpaka Ole, wamepanga makalio barazani kwake, na kila mmoja kaja na kadhia moja iliyomshinda wiki ile.

Mimi niliingia hapo kwa sababu ya miguu ya mkewe, Bi Khairiya. Ilikuwa ikimvimba, hawezi kusimama jikoni. Nilikuwa nimeachwa na mume, nimerudi kwa baba yangu, na baba alikuwa mchumaji wa Pandu. Basi nikaitwa. Nikawa nakaa nyuma ya mlango na birika langu, nawasikia wote, na wao hawanioni.

Na niseme kweli: nilikipenda kikao kile. Nilikuwa nikiisubiri Ijumaa. Wanaume wazima, wenye sauti zao na fimbo zao, walikuwa wakikiri mbele ya wenzao kwamba hawajui. Mmoja anasema nina ndugu wawili hawasemezani, nao hutaka mti mmoja. Mwingine anamwambia wape miti inayotazamana, watachoka wenyewe. Walifundishana kwamba mchumaji mgeni aanzwe na miti mifupi siku tatu. Kwamba aliyefiwa asipandishwe mtini, apewe kazi ya kuanika, maana akili yake haiko hapo. Kwamba ukitaka kumfukuza mtu umfukuze asubuhi, apate kwenda kutafuta kwengine siku ileile. Na kwamba mtu akikataa mti, usibishane naye mbele ya wenzake: vua kanzu, panda mwenyewe, utazame alichokiona. Hilo la mwisho alilileta Pandu, na alilirudia mara nyingi mpaka nikalijua kwa moyo.

Sheria ya kikao ilikuwa moja. Hapatajwi jina la mtu. "Semeni kadhia," Pandu alikuwa akiwaambia, "msimseme mja." Mtu akianza kusema yule fulani, Pandu humkatiza palepale. Wakawa wanasema "mtu mmoja," "mama mmoja mchambuaji," "kijana mmoja." Kila mmoja huchukua ushauri wake, hunywa kahawa, huenda zake. Ndiyo maana nasema alikuwa na haki yake. Aliyeitunga sheria ile ni yeye, na aliyeivunja ni yeye.

Baba yangu aliitwa Jaribu Nyange. Babu yake alikuja kutoka bara, lakini baba mwenyewe alizaliwa Kinyasini na hakuwahi kuvuka maji hata kwenda Unguja. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alipanda mikarafuu miaka ishirini na sita bila kuanguka, na sababu ya kutoanguka ni kwamba kila mti aliugonga kwanza kwa kifundo cha kidole na kuusikiliza. Wenzake walimtania kwa hilo. Yeye hakujali, akiugonga mti wake huku wenzake wameshafika kileleni.

Mwaka 1959 karafuu zilizaa sana. Tajiri akaja mwenyewe kutoka Wete kutazama, na gari lake, na wageni wake wawili. Mimi nilikuwa jamvini na wanawake wenzangu, tunachambua, tukitenga karafuu na makonyo yake, vile vijiti vinavyozishikilia, hatua ishirini tu kutoka pale. Pandu akamwonesha baba mkarafuu mmoja mkubwa kando ya njia, akamwambia apande. Baba akaugonga. Akazunguka upande wa pili, akaugonga tena.

"Mti uno sipandi, nokoa," akasema. "Ile panda yake ya juu imeoza ndani."

Pandu alijua la kufanya. Alikuwa amewafundisha watu watano hilo hilo, mbele ya kahawa yangu. Naapa nilimwona akishika kola ya kanzu yake kama anayetaka kuivua. Lakini tajiri akawatazama wageni wake, akacheka, akauliza, "Pandu, hapa nani nokoa, weye au yeye?"

Kola ikaachwa.

"Nenda kwako, Jaribu," Pandu akasema. "Na kesho usije."

Saa nane za mchana, si asubuhi. Hata lile fundisho la kumfukuza mtu asubuhi hakulikumbuka.

Kama angeishia hapo ningemsamehe. Mtu aliyeaibishwa mbele ya tajiri hufanya ujinga, nani asiyejua. Lakini Ijumaa ilipofika wenzake wakakaa, na Shaame, nokoa wa Chwale, akamuuliza kadhia yake ya wiki. Mimi nilikuwa nimekwishapita mlangoni na sinia la vikombe.

"Kadhia yangu leo ina jina," akasema Pandu. "Jaribu Nyange. Mbishi. Anakataa kazi mbele ya tajiri."

Alisema hivyo na mimi nimesimama pale, naye anajua mimi ni mtoto wa nani. Wote walijua. Hakuna aliyenitazama. Himid, nokoa wa Piki, mtu mpole aliyekuwa akinisalimu kila akija, alinyoosha mkono akachukua kikombe sinini. Na mimi nikamimina. Nikawamiminia sita wote, wa kwanza mpaka wa mwisho, sikumwaga hata tone. Mpaka leo mkono ule nauonea haya.

"Vyema umenambia," Shaame akasema. "Kwangu hapati mti."

Basi. Mlango ukishafunguliwa, nani ataufunga? Ijumaa iliyofuata hawakuja na kadhia, walikuja na majina. Ni rahisi mno kusema jina. Hapana haja ya kufikiri wala ya kukiri kwamba umeshindwa. Yule mvivu, yule mwizi wa makonyo, yule mama ana mdomo. Shaame alikuja na majina matatu kwa mpigo. Na jina likishatajwa huzaa: baba yangu wiki ya kwanza alikuwa mbishi, wiki ya pili akawa mchochezi, wiki ya tatu mtu mmoja akasema, "Yule mtu wa bara, hujui hata wa chama gani." Siku hizi wakongwe wa Kinyasini wanasema ilikuwa siasa ya wakati ule, siasa iliwavuruga watu. Wanajitakasa. Siasa ilikuja ikakuta kazi imeshafanywa. Ilifanywa kwa kahawa, na watu waliokuwa wametoka kusali.

Baba alikwenda Piki, akaambiwa watu wametosha. Alikwenda Chwale, watu wametosha. Alikwenda Ole kwa miguu, watu wametosha, na juu ya vichwa vyao karafuu zinaiva mpaka zinageuka rangi kwa kukosa mikono ya kuzichuma. Hakuna aliyemwambia sababu. Akaanza kuniambia labda wanamwona mzee. Nilimkuta uwani anajitazama viganja, anavifunga na kuvifungua. Mtu wa miaka arubaini na tano! Alianza kuniuliza kama nimemwona akitetemeka. Wamemla nyama, kisha wakamwachia ajione mbovu mwenyewe.

Nami nilijua, na nilinyamaza wiki nne. Nilijiambia siri ya nyumba ya watu haitolewi. Nilijiambia Bi Khairiya mgonjwa, atabaki na nani. Yote uongo. Nilikuwa naogopa kwamba wataniambia usirudi, na Ijumaa zangu zitakwisha, na sitasikia tena watu wakifikiri kwa sauti. Niliyapenda maarifa yao kuliko baba yangu kwa wiki nne. Naliandika na hilo.

Wiki ya tano mti ule ulivunjika. Aliyekuwa juu yake ni Nassor, mchumaji hodari, aliyekubali kupanda kwa sababu alishaona yaliyompata aliyekataa. Panda ya juu ilikatika ghafla, naye akabaki ananing'inia kwa kamba aliyojifunga kiunoni, akateremshwa na ngozi ya kifua chote imechubuka. Tukaliendea tawi lile. Ndani lilikuwa unga mtupu, wa kahawia, ukiushika unapeperuka. Pandu aliuchota kiganjani, akasimama akiutazama. Wachumaji walikuwa wanamtazama.

Alasiri ileile alikuja kwetu. Baba alikuwa anasuka pakacha ukumbini.

"Jaribu," akasema, "nimekuja kukutaka radhi. Kesho rudi shamba. Mti wako utachagua mwenyewe."

"Kuna nini?" baba akauliza. Hajui bado, maskini.

Ikabidi Pandu amweleze. Alieleza akitazama chini: kwamba alimtaja kikaoni, na wenzake wakamfungia milango. Baba hakusimamisha mikono yake, alisuka mpaka ukuti ukaisha. Kisha akanitazama mimi, mara moja tu, akafahamu kwamba nilikuwepo. Sikupata kutazamwa vile kabla ya hapo, na Mungu anisitiri nisitazamwe tena.

"Radhi yako naipokea," akamwambia Pandu. "Lakini kazi yako sitaki. Miye hukunisema ukumbini kwangu, ulinisema kikaoni kwako. Nenda kaliondoe neno pale ulipoliweka. Nataka niende Chwale, niende Piki, nikaribishwe kwa uso mkunjufu. Hilo tu."

"Nitaliondoa Ijumaa," Pandu akasema. "Wallahi nitaliondoa."

Ijumaa nilikaa nyuma ya mlango. Pandu alianza vizuri. Aliwaeleza habari za tawi, akawaeleza habari za tajiri na wageni wake. Akasema, "Jaribu alikuwa na haki, miye nilikuwa mwoga. Nalirudisha neno langu. Kila mmoja wenu akampokee."

Shaame akasafisha koo.

"Mzee Pandu, neno likishatoka hapa ni la kikao, si lako tena. Tukisema Jaribu tulimkosea, wale wengine je? Kila tuliyemfukuza atakuja kudai na yeye tumemkosea. Watu watatupanda vichwani. Kikao kitavunjika."

"Himid?" Pandu akauliza. "Weye wasemaje?"

"Tumwache Jaribu mwaka uno," Himid akasema taratibu. "Mwakani watu watakuwa wameshasahau."

Nilisubiri. Nilisubiri Pandu awafukuze barazani kwake. Nilisubiri hata apandishe sauti. Nikasikia kikombe kikigonga kisahani. Alikuwa amekaa, anakunywa.

"Haya," akasema. "Tusikivunje kikao."

Hapo ndipo iliponitoka heshima yangu yote kwake. Tajiri hakuwepo siku ile, wala gari, wala wageni. Alikuwa kwake, na wenziwe, watu aliowakusanya kwa miguu yake mwenyewe ili wasaidiane kutowaumiza watu, na akachagua kuwalinda wao. Nikatoka mlangoni bila buibui, na kanga yangu ya jikoni yenye masizi. Mwanamke hatoki hivyo mbele ya wanaume sita. Nilitoka.

"Shaame," nikasema. Sikumwita mzee. "Umemtaja Tatu wa Piki kuwa ana mdomo, kwa sababu alikutaka usirundike pishi kupita ukingo wakati wa kupima karafuu zake. Umemtaja Mmanga kuwa mvivu, na Mmanga ana homa. Himid, umemtaja Mwanapili mwizi wa makonyo, hukumkamata na hata konyo moja. Nokoa wa Ole, wewe umetaja wanne." Nikawataja wanne wale. Niliwataja wote, watu kumi na saba, nani alimsema nani, Ijumaa gani, na kwa maneno gani. Miaka minne nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango nikijifunza kusikiliza. Walidhani nachemsha maji tu.

"Kazija, mwanangu, ingia ndani," Pandu akasema.

"Naingia," nikamwambia. "Kisha natoka. Nakwenda kumwambia kila mmoja wao lake."

"Hutafanya hivyo."

"Nizuie."

Hakunizuia. Jumamosi nilikwenda Piki, Jumapili Chwale, Jumatatu Ole, na miguu yangu ilivimba kuliko ya Bi Khairiya. Niliwakuta watu kumi na saba, na kila mmoja wao alikuwa ameshaanza kujitazama viganja. Mwanapili alilia. Mmanga alitukana matusi ambayo siyaandiki. Jumatano asubuhi walikuja wote pamoja, na baba kati yao, mpaka shambani kwa Pandu, kwa sababu ndiye mwenye baraza, na wachumaji wa zamu wakateremka mitini kusikiliza. Hakuna aliyechuma mpaka jua likawa juu. Na karafuu hazingoji, kila siku moja ni hasara. Tajiri akaletewa habari.

Ndipo Pandu akasimama mbele ya watu wote akasema kile baba alichokitaka: kwamba Jaribu hakuwa mbishi wala mchochezi, mti ulikuwa mbovu, na yeye nokoa alijua la kufanya akaogopa kulifanya. Alisema kwa sauti ya kusikika. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ahsante, akachukua pakacha lake akaenda Chwale. Shaame alimpa mti. Alimpa kwa kununa, lakini alimpa. Baba aliugonga kwanza, mara mbili, na Shaame akasubiri.

Kikao kilikufa wiki ile. Sisemi kilikufa vyema. Msimu uliofuata tajiri wa Ole alimweka nokoa mpya, kijana asiyejua lolote, na hakuwa na baraza la kwenda kuuliza, na mtu akaanguka mwezi wa kwanza. Nilipopata habari nilikaa uwani nikalia kwa hasira, sijui hasira ya nani. Ningekuwa mtu mwepesi wa kujidanganya ningesema si kosa langu.

Miezi mingi baadaye, mwanzo wa mwaka 1961, Pandu alikuja kwetu tena. Alikuwa amekonda. Akaniambia Himid na wengine wawili wako tayari kurudi, kwamba watakaa kama zamani, kadhia tu, majina hapana. Bi Khairiya hawezi jikoni. Je, nitarudi kuwapikia kahawa?

"Kukaa mkae," nikamwambia. "Mkifundishana, watu watapona. Na miye nitakuja kila Ijumaa. Ila sipiki. Nitakaa barazani na baba atakaa pembeni yangu, na Tatu, na Mmanga. Mnaowazungumza wawepo."

Alinitazama kama niliyemwomba nyumba yake. Barazani, na manokoa? Wachumaji? Mwanamke?

"Nitalifikiri, Kazija," akasema.

Akaaga, akaondoka. Uchaguzi ukaja, watu wakaacha kusalimiana, misimu miwili mitatu ikapita na watu wakaanguka mitini kwa mambo ambayo wazee sita waliyajua na hawakuwa na pa kuyasema. Nilikuwa nikikutana naye njiani, namwamkia, ananiitikia, anapita. Aliishi miaka tisa baada ya siku ile, na alikufa bado analifikiri.